Mwenzi wa Safari: Uaminifu na Utani katika Njia ya Misafara ya Tabora

Katika mhadhara huu ninakusudia kuchunguza dhana ya mwenzi wa safari, yaani mhusika anayefuatana na kiongozi bila ya kuwa kivuli chake. Kijana wa leo huikuta dhana hii katika michezo ya kompyuta ya uigizaji. Katika Baldur's Gate, mchezo uliotolewa mwaka 1998, mchezaji hukusanya wenzi wenye tabia mbalimbali. Mwenzi asiyeridhika na mwenendo wa kiongozi hunung'unika, na hatimaye aweza kumwacha njiani. Huenda tukadhani kwamba ubunifu huu ni mgeni kwetu. Hoja yangu ni kwamba watu wa njia ya misafara ya Tabora waliuishi uhusiano wa namna hiyo, na lugha yetu imehifadhi kumbukumbu yake.

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, katika Tabora ya leo, mwezi Novemba. Safari ndefu kama hiyo ilidai mgawanyo wa majukumu. Kirangozi alitangulia na bendera. Mnyampara alisimamia kundi lake la wapagazi. Watawala wa njiani walidai hongo, yaani ushuru wa kupita. Mwanaisimu hana budi kuzingatia yaliyoyapata maneno haya baadaye: hongo sasa ni rushwa, na mnyampara, au nyapara, ni msimamizi wa vibarua au wafungwa.

Uaminifu katika msafara haukupatikana bure. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu wa ujira. Alipodhulumiwa aliweza kuutua mzigo na kutoroka. Tusisahau, hata hivyo, kwamba njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, ambao hawakuchagua safari wala wenzi.

Tumtazame Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani na kupelekwa India. Alisafiri na Burton na Speke, kisha na Stanley mwaka 1871, na Cameron kuanzia mwaka 1873. Speke alimsifu, Stanley alimlaumu vikali. Mtu ni yuleyule, sura ni mbili. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: je, tunachosoma ni tabia ya mwenzi, au ni uhusiano wake na msimulizi?

Swali hilo linapata uzito zaidi kwa Susi na Chuma. Livingstone alipofariki mwaka 1873, hapakuwa tena na bwana wa kupendezwa. Wao na wenzao waliubeba mwili wake kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe walikutana na Cameron, aliyewashauri wamzike hapo. Walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, walikofika mwezi Februari 1874. Hapo mwenzi alikuwa na uamuzi wake mwenyewe.

Fauka ya hayo, kuna utani. Chimbuko lake mara nyingi huelezwa kwa vita na kwa misafara, na utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni mfano mashuhuri. Mtani hukudhihaki hadharani, hukuchukulia kitu chako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini msibani mtani huyohuyo hushika kazi nzito za maziko, huku akiwachekesha waliofiwa. Kwa mpagazi aliyekuwa mbali na ukoo wake, hilo halikuwa jambo dogo: lilimhakikishia kwamba akifa ugenini, yuko mwenye wajibu wa kumzika.

Tofauti na mchezo sasa iko wazi. Katika michezo mingi ya aina hii, mwenzi hupimwa kwa alama zinazopanda anaporidhishwa na kushuka anapoudhiwa. Utani unakwenda kinyume: dhihaka haipunguzi uhusiano, bali ndiyo inayouthibitisha. Mwanafunzi atakayetunga mchezo, riwaya au tamthilia juu ya njia hii asiazime kipimo cha alama kabla ya kukichunguza cha watani. Na sisi tunaosoma masimulizi ya wasafiri tuanze kumtafuta mwenzi pale msimulizi alipomnyamazia, kwa kuwa wabebaji wengi wa mizigo hawakutajwa hata kwa majina.