Zakhara, Jirani wa Kusini

Mpwa wangu na wenzake watatu huizunguka meza kila Jumamosi baada ya alasiri, ramani imetandazwa katikati na dadu yenye nyuso 20 inabingirika. Mara ya kwanza nilipowaona nilidhani ni kamari. Hapana fedha iliyowekwa, wala hapana mshindi. Mmoja wao ni msimulizi, na waliosalia kila mmoja amejivika nafsi ya mtu wa kubuni, awe mpiganaji, tabibu au mwizi. Kisa huenda kwa kuulizana na kujibizana: umeufikia mlango, umefungwa, utafanya nini? Dadu huamua tu kama lililokusudiwa limefaulu. Mchezo huo, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Dadu yenyewe mafakihi wameisemea, na wenye elimu hiyo wapo. Kilichonishughulisha mimi ni ile ramani.

Ulimwengu uliochorwa humo huitwa Forgotten Realms. Aliyeubuni, Ed Greenwood wa Kanada, aliuanza akiwa mtoto katika miaka ya 1960, na kampuni ya TSR ikauchapisha mwaka 1987. Bara lake kuu ni Faerûn, na moyo wa bara hilo uko kaskazini-magharibi, penye misitu, theluji na ngome za mawe; kwa ufupi, Ulaya ya kale iliyotiwa uchawi. Huko ndiko iliko miji ya Waterdeep na Baldur's Gate. Mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3, uliotolewa mwaka 2023 na kampuni ya Larian ya Ubelgiji na kuchezwa na mamilioni ya watu, umewekwa katika pwani hiyo hiyo.

Kila penye kitovu pana majirani. Mashariki iko Kara-Tur, iliyofinyangwa kutokana na Uchina na Japani. Ng'ambo ya bahari ya magharibi iko Maztica ya mwaka 1991, ambako askari wa kukodiwa kutoka dola ya Amn, wakiongozwa na kapteni aitwaye Cordell, wanavuka bahari kufuata dhahabu. Aliyewahi kusoma habari za Hernán Cortés na Mexico hana haja ya kuelezwa zaidi.

Na kusini? Kusini tuko sisi, tena mara mbili.

Mara ya kwanza ni Calimshan. Nchi hii ya jangwa imepakana na Tethyr, na juu ya Tethyr iko Amn. Historia yake ya kubuni inaanza na jini Calim, aliyekuja na watumwa wake wa kibinadamu akasimika dola. Jirani yake wa kaskazini alikuwa afriti aitwaye Memnon. Wakapigana, nchi ikaungua ikawa jangwa, hata waelfi wakawafunga wote wawili kwa uchawi. Kisa ni kizuri, sikatai. Lakini wanadamu walioirithi nchi hiyo wamepewa nini? Masoko ya watumwa, anasa, mawaziri wenye hila, na mapasha wasiohesabika. Katika riwaya ya The Halfling's Gem ya R. A. Salvatore, iliyotoka mwaka 1990, wasafiri wa kaskazini wanashuka hadi Calimport, mji mkuu, kumwokoa rafiki yao. Aliyemshika ni Pasha Pook, na Pasha Pook ni mkuu wa chama cha wezi. Muuaji wa kukodiwa aliyemteka, Artemis Entreri, ni mtoto wa mitaa ya mji huo huo. Msomaji anaingia Calimport pamoja na wageni, anauona kwa macho ya wageni, na anatoka nao.

Mara ya pili ni Zakhara, na hapa mambo yanageuka.

Mwaka 1992 mbunifu wa TSR, Jeff Grubb, alitoa kitabu cha kanuni kilichofungua mfululizo uitwao Al-Qadim. Zakhara ni rasi kubwa iliyo mbali kusini mwa Faerûn, nayo ni Nchi ya Majaaliwa. Khalifa Mkuu anakaa Huzuz. Kuna miji ya wafanyabiashara wa lulu, kuna mabedui, kuna mabaharia. Wachezaji hawaijii nchi hii kutoka nje, wamezaliwa humo. Wanaokuja kutoka kaskazini ndio washenzi, na mchawi wa kigeni huitwa ajami, kwa neno lile lile Waarabu walilomwitia asiyesema Kiarabu. Kanuni zinamfunza mchezaji heshima ya ukoo, usafi, ucha Mungu na ukarimu: mgeni akishaonja chumvi ya mwenyeji wake, mwenyeji amefungika kumlinda. Katika vitabu vya mchezo ambao kwa kawaida mtu hupata sifa kwa kuua na kupora, kuona ukarimu umewekewa kanuni si jambo dogo.

Kuna na hili. Katika Faerûn, maorki, viumbe wenye meno ya ngiri, kwa miaka mingi walikuwa maadui wa kuuawa bila kuulizwa. Katika Zakhara, mwaka ule wa 1992, orki alikuwa mwananchi: jirani, muuza duka, askari wa mlangoni, chini ya sheria moja na mwanadamu. Ilipofika mwaka 2020 ndipo Wizards of the Coast, kampuni iliyoinunua TSR mwaka 1997, ilipotangaza kuwa itawaeleza maorki kama watu wenye utu na mila kama wengine. Wazo ambalo kaskazini lilichukua karibu miaka 30 lilikuwa limeandikwa tayari kwa jirani wa kusini.

Msomaji wa Kiswahili ana raha yake ya pekee humu, kwa kuwa maneno mengi anayajua. Hakima wa Zakhara ni dada wa hakimu na hekima zetu. Kahin ni kuhani. Mchawi mwenye kuwaamuru majini huitwa sha'ir, na hapo mpwa wangu aliniuliza kama huyo ndiye mshairi. Ndiye. Waarabu wa zama za jahiliya walidhani mshairi hupewa maneno yake na jini, na wabunifu wa mchezo waliligeuza wazo hilo wakamfanya mshairi bwana wa majini. Jina lenyewe la mfululizo, Al-Qadim, kwao lina maana ya mambo ya kale. Mtoto aliyehifadhi sifa 20 madrasani atashtuka kidogo, maana kwake kidamu ni sifa ya Mwenyezi Mungu asiye na mwanzo.

Ndipo tunapofikia penye uzito. Zakhara ina khalifa, lakini Mtume hayumo. Ina sheria, lakini Qur'ani haimo: sheria hiyo inatokana na hati za mwanamke wa kubuni, Mtoa Elimu, na watu wanaabudu miungu mingi yenye majina ya Kiarabu. Hata majini wamegawanywa wawe wa hewa, wa moto, wa maji na wa udongo, hali Surat ar-Rahman inataja moto peke yake. Sidhani palikuwa na nia mbaya. Kuiweka imani ya watu walio hai mezani, ichezewe kwa dadu, kungekuwa kosa kubwa zaidi. Lakini nyumba iliyoondolewa nguzo ya kati, hata ikipambwa vipi, mwenye nyumba huona pengo. Ustaarabu ulioutoa ukarimu ule na hukumu zile uliyatoa katika tauhidi.

Njia nyingine ilijaribiwa Ujerumani. Mchezo wa Das Schwarze Auge, ulioanza mwaka 1984, una jangwa la Khom, na watu wake, Wanovadi, humwabudu mmoja tu, Rastullah, mwenye sheria 99, ilhali majirani zao wana miungu 12. Jina hilo na idadi hiyo havihitaji tafsiri. Mimi, kati ya kuondolewa na kuigizwa namna hiyo, naona la kwanza lina adabu zaidi.

Al-Qadim haikudumu. Vitabu vyake vilikoma mwaka 1994, mwaka ule ule ulipotoka mchezo wake wa kompyuta, The Genie's Curse, ambao shujaa wake ni kijana anayehangaika kulisafisha jina la ukoo wake, uliosingiziwa kwamba jini wake ameleta maafa. Calimshan na mapasha wake ikaendelea kuonekana. Ramani za Faerûn huishia kabla ya kuifikia Zakhara. Kwa hiyo kijana anayeingia ulimwengu huo leo, asipopata wa kumwelekeza, mtu wa kwanza mwenye kilemba atakayekutana naye huenda akawa mwizi.

Mpwa wangu sasa ndiye msimulizi. Nilimpa kamusi ya Kiarabu, akapata kwingine ramani ya zamani, na kisa chake kinaanzia Huzuz. Jumamosi iliyopita jahazi la watu wa Waterdeep lilitia nanga. Walitaka kushuka na panga zao, orki wa bandarini akawazuia, akawaambia waketi kivulini wapewe maji kwanza, mpaka atakapopatikana mtu wa kuwadhamini. Mpaka magharibi inaadhiniwa, walikuwa wangali wamekaa pale.