Kutoka Ifakara hadi Dar es Salaam: Saa Zisizoonekana Kwenye Ramani

Ndugu wa mgonjwa wanapoelezwa kuwa rufaa inakwenda Muhimbili, wengi huuliza: "Daktari, ndege haiwezi kuja?" Ni swali la haki, na linastahili jibu lenye hesabu.

Kutoka kiwanja kidogo cha ndege cha Ifakara hadi Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilometa 310. Ndege ndogo iendayo kilometa 300 kwa saa huumaliza umbali huo kwa zaidi kidogo ya saa moja. Kwa barabara, kupitia Kidatu, Mikumi na Morogoro, umbali hukaribia kilometa 420, nayo ni safari ya kutwa.

Hata hivyo, mgonjwa hasafiri kutoka kiwanja hadi kiwanja, bali kutoka kitanda hadi kitanda. Ndege iliyoko Dar es Salaam sharti kwanza ije, hivyo saa ile moja huwa mbili. Ongeza kibali, malipo, kumfikisha mgonjwa kiwanjani, kisha foleni ya kwenda Upanga. Na wito ukija jioni, rubani wa ndege ndogo huenda akasubiri mapambazuko.

Sasa tumtazame mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Asipotibiwa, anaweza kufariki ndani ya saa mbili hivi. Ndege haimwahi. Kinachomwahi ni mkono wa mkunga unaosugua mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki ndani ya saa tatu tangu kujifungua, na damu iliyo tayari. Kwa mama huyu umbali wenye uzito ni ule wa kutoka Lupiro au Malinyi hadi Ifakara. Kwa maoni yangu, Daraja la Magufuli, lenye mita 384 tu juu ya mto Kilombero, limewafaa wagonjwa wa bonde hili kuliko ndege yoyote. Waliowahi kusubiri pantoni usiku wataelewa. Aidha, mfumo wa m-mama, kwa namba 115 isiyolipiwa, huwatafutia usafiri wa dharura wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Ndege ina wagonjwa wake: aliyevunjika uti wa mgongo, kwa mfano, ambaye mtikisiko wa barabara ni hatari, lakini hali yake imekwisha kutulizwa. Hata huyo aandaliwe. Ifakara ipo chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Ndani ya ndege hewa huwa kama ya mlimani, hata kufikia mita 2,400, na oksijeni hupungua. Mwenye upungufu mkubwa wa damu kutokana na malaria, au mwenye selimundu, huweza kuzidiwa angani ilhali kitandani alionekana nafuu. Hewa iliyovuja kifuani nje ya pafu nayo hutanuka kwa takriban theluthi moja. Hivyo mrija wa kifua uwekwe kabla ya kuruka.

Kwa hiyo, ndugu wanaposhauriana kuhusu usafiri, wamuulize daktari mambo mawili: mgonjwa atapewa nini sasa hivi, kabla ya chombo chochote kuondoka, na nani mwenye ujuzi ataketi kando yake njia nzima.