Modemu Inapovuka Mto Ruzizi

Ukiwa Kamembe, mji wa wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, nyumba za Bukavu, mji wa Kongo, unaziona kwa macho. Rwanda na Kongo zimetenganishwa hapo na mto Ruzizi pamoja na ncha ya kusini ya ziwa Kivu, na mawimbi ya redio hupita juu ya maji bila kukutana na kilima. Kwa hiyo mtu aliyechomeka modemu yenye laini ya Rwanda kwenye kompyuta ya Linux anaweza kushikwa na mnara wa Kongo, na kama laini yake inaruhusiwa kutumika nje, salio hukatwa kwa bei ya ugenini.

Kila mnara hutangaza namba ya nchi: Rwanda ni 635, Kongo ni 630. Namba ya nchi ya laini nayo imeandikwa ndani yake. Modemu huanza kwa kuutafuta mtandao wa nyumbani. Ukififia, tuseme nyuma ya mteremko unaotazama ziwa, hushika mwingine. Ikikuta 630 badala ya 635, inajua iko ugenini.

Kwenye mifumo mingi ya Linux, anayeamua kama data ipite ni NetworkManager, programu iliyoanzishwa na Red Hat mwaka 2004. Isipoambiwa kitu, huruhusu. Mpangilio huo humfaa msafiri, lakini mkazi wa mpakani hajasafiri. Yuko sebuleni kwake. Kuizuia data ya ugenini, amri moja yatosha, ikiwa muunganisho wako umeupa jina la Modemu:

nmcli connection modify Modemu gsm.home-only yes

Zima muunganisho, uwashe tena. Tangu hapo modemu ikiwa ugenini, NetworkManager hukataa kuunganisha.

Liko jambo la pili. NetworkManager huipa kila njia namba, na namba ndogo ndiyo hutangulia: waya 100, Wi-Fi 600, modemu 700. Wi-Fi ikikatika, data huhamia kwenye modemu papo hapo bila kukuuliza. Ukiweka connection.metered kuwa yes kwenye muunganisho wa modemu, programu zinazoheshimu alama hiyo huahirisha kupakua masasisho makubwa.

Anayefundisha kompyuta Rusizi, au miji mingine ya mpakani kama Goma au Namanga, aanze somo la mtandao na mipangilio hii miwili. Mwanafunzi wa mpakani anaihitaji siku ya kwanza anapochomeka modemu.