Sababu za Sahani za Picha Kukataliwa na Deki

Hutokea chama cha msingi kikawaita wanachama waje kutazama mafunzo ya kuhifadhi mahindi, au picha za mkutano mkuu uliopita. Petroli ya jenereta imenunuliwa, wazee wametembea kutoka vijijini, wote wameketi. Kisha deki inaikataa sahani ambayo jana ilionyesha vizuri katika kompyuta mjini Sumbawanga. Lawama humwangukia katibu. Yafaa ieleweke kuwa sababu kubwa ni tatu.

Kwanza, ni mpangilio wa picha. Kompyuta husoma sahani iliyojazwa mafaili tu. Lakini deki nyingi za zamani hutaka picha zipangwe kwa utaratibu maalumu wa VCD au DVD. VCD huchukua dakika 74 hivi, na DVD ya tabaka moja huchukua gigabaiti 4.7.

Pili, ni aina ya sahani. Sahani ya kiwandani hupigwa chapa ya vishimo vidogo mno. Ile ya kuchoma ina rangi inayounguzwa na mwali wa leza, na aina ya kufutika, yaani RW, hurudisha mwanga hafifu zaidi. Deki iliyochakaa, au yenye vumbi katika lenzi, hushindwa kuisoma. Aidha, DVD-R ilianza mwaka 1997 na DVD+R mwaka 2002. Hivyo deki iliyotengenezwa kabla ya hapo huenda isiitambue sahani hiyo.

Tatu, ni kutofungwa. Kazi ya kuchoma ikiisha, sahani sharti ifungwe kwa amri ya mwisho ya mashine. Isipofungwa, deki nyingine hazitaisoma.

Kwa hiyo katibu amweleze mchomaji mapema kwamba sahani ni ya deki, wala si ya kompyuta. Achague ile isiyofutika, ichomwe kwa mwendo wa taratibu, na ijaribiwe katika deki ya chama kabla ya siku ya mkutano.

Mwisho, sahani isifanywe ghala pekee la kumbukumbu. Jua na joto huharibu rangi yake, na kompyuta nyingi za sasa hazina mahali pa kuiingizia. Nakala ya pili iwekwe katika flashi, na maamuzi ya mkutano yabaki katika daftari la kumbukumbu. Fedha ya kuchomea sahani ni ya wanachama wote. Haifai ipotee kwa jambo linaloweza kujaribiwa kwa dakika tano.