Hisani tuliyoipunguzia maana

Kabla matatu niliyoabiri Kangemi haijafika Westlands, redio ya dereva huwa imekwisha kutuarifu mara tatu kwamba kipindi kinatujia kwa hisani ya kampuni fulani. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu, hulihurumia neno hilo.

Hisani limetokana na neno la Kiarabu, ihsani, ambalo mzizi wake ni uzuri. Kwetu limetua katika maana ya wema na fadhila, wala si kosa. Lakini katika hadithi mashuhuri iliyomo katika Sahihi ya Muslim, ambamo malaika Jibrili anamhoji Mtume (S.A.W.), ihsani yatajwa baada ya Uislamu na imani, na jibu halikugusa zawadi wala ufadhili. Lilihusu mja anayeabudu kama aliyesimama mbele ya Mola wake, au angalau asiyesahau kwamba anatazamwa. Hali hiyo wanazuoni waliiita murakaba. Imamu Ghazali (1058–1111) aliiweka katika kitabu kimoja cha Ihyaa pamoja na muhasaba, yaani mtu kuifanyia nafsi yake hesabu.

Wapo wanaodhani kuwa hayo ni ya watu wa twarika tu, kama wafuasi wa Kadiria waliomfuata Sheikh Uwais wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909. Mimi pia nilidhani hivyo. Hata dhikiri, neno ambalo katika Kiarabu hubeba kukumbuka na kutaja kwa pamoja, nilikuwa nimeliachia ulimi peke yake.

Muhula uliopita niliingia Msikiti wa Jamia, ule uliokamilika mwaka 1933 katikati ya jiji, kuswali adhuhuri. Mkobani nilikuwa na karatasi za mtihani nikizirudisha ofisini. Baadhi yake nilizisahihishia ndani ya matatu, katika msongamano wa Barabara ya Waiyaki (mwalimu asiyepata kufanya hivyo na anirushie jiwe). Moja, ambayo mwandiko wake ulinichosha, niliitia alama 38 pasipo kuugusa ukurasa wa pili. Orodha ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi na kuwasilishwa.

Baada ya swala nikavuta uradi. Vidole vilifika 33 bila kukosea, ilhali moyo ulikuwa ukiwaza foleni ya kurudi nyumbani. Kisha, sijui kwa njia gani, nikaikumbuka karatasi ile. Jiji letu limejaa kamera siku hizi, lakini hapakuwa na hata moja iliyoniona nikiruka ukurasa.

Niliifungua papo hapo, kando ya nguzo. Mwenyewe, ambaye kwangu alikuwa namba tu, alikuwa amefafanua upatanisho wa ngeli kwa mifano ya lahaja ya kwao ambayo sijapata kuitumia darasani. Nilisoma mara mbili. Alistahili 57.

Fomu ya kubadilisha alama ina nafasi ya kueleza sababu. Kalamu yangu ilitangulia kuandika "kosa la kujumlisha", maneno yanayopita mezani bila kuulizwa swali. Nikayakata kwa mstari mmoja, nikaandika chini yake kwamba sikuusoma ukurasa wa pili.