Mtazamaji wa Kando ya Barabara Naye Ahesabiwe

Kila zinapokaribia mbio kubwa za magari katika Afrika Mashariki, ubishi ule ule huzuka mjini Arusha na katika vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, kuanzia kwenye gereji za Unga Limited hadi kwenye vibaraza vya maduka ya Nduruma. Wapo wanaoshikilia kwamba mtu ambaye hajavuka Namanga kwenda Naivasha hajaona mbio. Wapo wanaowacheka hao na kusema kwamba mbio zilikwisha siku magari yalipoacha kukesha katika matope ya masika. Na wapo, nao ndio wengi, ambao hawajapata kwenda kokote, ila wamesimama kando ya barabara ya vumbi karibu na shamba, wakaona gari likipita kama risasi, wakarudi nyumbani wamegeuka rangi toka utosini hadi unyayoni. Tumeusikiliza ubishi huo kwa muda wa kutosha. Leo tunapenda kutoa maoni yetu, si juu ya dereva gani hodari wala gari gani lina nguvu, bali juu ya mtu ambaye hatajwi katika matokeo, yaani mtazamaji.

Msomaji atuvumilie tuanzie mbali kidogo. Katika nchi za Ulaya na Marekani magari ya aina ya spoti hushindana katika barabara ya kuzunguka, iliyotengwa kwa kazi hiyo. Huko Le Mans, Ufaransa, ambako mbio za saa 24 zilianzishwa mwaka 1923, mzunguko mmoja una kilomita 13.6, na gari lililompita mtazamaji humrudia baada ya dakika nne hivi, mchana na usiku. Mwaka 2023, mbio hizo zilipotimiza miaka 100 tangu zianze, ilitangazwa kwamba watu 325,000 walihudhuria. Kule Daytona na Sebring, Marekani, hakuna umati wa namna hiyo, lakini kabla ya mbio kuanza milango hufunguliwa na mshabiki wa kawaida akaruhusiwa kutembea katikati ya magari yaliyopangwa tayari kuondoka, akamwona dereva uso kwa uso. Kwa hiyo washabiki wa huko nao wana ubishi wao: mmoja hujivunia ukubwa, mwingine hujivunia ukaribu. Hata hivyo wote wawili wamepewa neema moja ambayo pengine hawaitambui, nayo ni kwamba wanayaona mashindano. Gari la pili likilipita la kwanza, wanaliona likilipita.

Kwetu sivyo. Mbio zetu ni za barabara ndefu. Magari huondoka moja moja, yakipishana kwa dakika mbili, tatu au zaidi, na mshindi ni yule ambaye jumla ya muda wake katika vipande vyote vya njia ni ndogo kuliko ya wenzake. Mtazamaji aliyesimama penye kona huliona kila gari kwa sekunde kumi, kisha halioni tena. Ameona magari, mashindano hajayaona, maana mashindano yamo ndani ya saa ya msimamizi aliye mwisho wa kipande, kilomita nyingi kutoka hapo. Asipoambiwa, hawezi kujua kama yule aliyepita kwa kishindo ndiye anayeongoza au ndiye aliyekwisha kushindwa na sasa anajifurahisha tu. Basi kipimo chetu ni hiki: mwenye kuandaa mbio amemfikishia mtazamaji nini zaidi ya vumbi, na amemrudisha nyumbani salama?

Tukianza na mbio za zamani, ni haki kusema kwamba hazikupata mfano. Zilianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, nazo zikapita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara hazikufungwa. Gari la mashindano lilikutana na basi, lori la pamba na kundi la ng'ombe kama gari lingine lolote, na kwa kuwa mbio hizo zilizoea kufanyika wakati wa Pasaka, mvua ya masika ilikuwa mshindani mkubwa kuliko wote. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 yakawa 7 tena. Wanavijiji waliyasukuma magari kutoka matopeni. Mafundi walifanya kazi popote gari lilipoharibika, hata mbele ya duka la kijiji, huku watoto wakihesabu spana. Ilikuwa ni heshima pia kwa nchi yetu pale Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alipolishinda kundi zima mwaka 1966 akiwa na Chris Rothwell katika Peugeot 404, na kulishinda tena mwaka 1967. Aliyesimama kando ya barabara miaka ile alijiona kuwa ana hisa katika mbio hizo, na ndiyo maana wazee wetu hawachoki kuzisimulia.

Lakini wazee hao, pamoja na heshima zote tulizo nazo kwao, husahau kusimulia upande wa pili. Barabara isiyofungwa maana yake ni kwamba mama aliyetoka sokoni na kikapu kichwani alikuwa akitumia njia moja na mtu anayekimbiza gari kwa kila nguvu aliyo nayo. Mapenzi ya zamani yasitufanye tutamani jambo hilo lirudi.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 mbio hizo zilibaki ndani ya Kenya, na baada ya mwaka 2002 ziliondolewa katika ubingwa wa dunia. Ziliporudi mwezi Juni 2021 zilikuwa kitu kingine kabisa. Makao yalikuwa Naivasha. Vipande vya mashindano vilifungwa, vingi vikiwa ndani ya mashamba makubwa na hifadhi za wanyama kama Kedong na Soysambu. Na urefu wa vipande vyote ulikuwa kiasi cha kilomita 320, mahali ambapo zamani zilihesabiwa kwa maelfu. Siku ya kwanza magari yalishindana mawili mawili huko Kasarani, Nairobi, katika njia fupi isiyofika kilomita 5, iliyotengenezwa makusudi ili watu waone magari mawili kwa wakati mmoja. Tunaipongeza fikra hiyo, kwa maana inajibu moja kwa moja lile tatizo la sekunde kumi. Isitoshe, helikopta huruka juu ya njia kuangalia wanyama na watu, picha huonyeshwa duniani kote wakati ule ule, na mwenye simu mfukoni huujua muda wa kila dereva kabla vumbi halijatua. Katika uwanja wa matengenezo mshabiki humwona fundi akibadilisha sanduku la gia kwa dakika chache, kazi ambayo gereji zetu huifanya kwa siku mbili na chai kadhaa katikati.

Pamoja na hayo Naivasha si ya kila mtu. Kutoka Arusha hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 270, na kutoka Nairobi hadi Naivasha kama 90 zaidi. Nauli, hati ya kuvukia mpaka na malazi yaliyopanda bei kwa sababu ya mbio zenyewe humfanya mkulima wa Nduruma ahesabu magunia, si siku. Akifika huko atakuta wenye uwezo wameketi chini ya mahema na kuhudumiwa, na yeye ataelekezwa mlimani, nyuma ya utepe, mbali na gari. Yuko salama, na kuwa salama ni jambo kubwa, ila ule ukaribu wa zamani hataupata.

Mbio za magari ya kale, zilizoanzishwa mwaka 2003 kwa kukumbuka miaka 50 ya mbio za kwanza, zimejaribu kurudisha kidogo ladha hiyo. Katika miaka kadhaa zilivuka mpaka na kuingia kwetu, na wakazi wa mkoa huu wakaona Porsche, Datsun na Ford Escort za enzi za baba zao zikipita bila kiingilio. Björn Waldegård wa Sweden, bingwa wa dunia wa mwaka 1979, alizishinda mwaka 2007 na tena 2011. Kwa masikio, hakuna zinazozifikia. Kwa habari, hali ni mbaya: gari hupita, na mtazamaji akimuuliza jirani yake ni nani aliyepita, jirani naye anamuuliza yeye.

Sasa tuje nyumbani. Mashindano ya taifa yanapofanyika mkoani kwetu, magari hutafuta barabara za namna ya zile za Nduruma na tambarare inayoelekea Mbuguni: ndefu, nyembamba, zenye makorongo na tifutifu la kiangazi. Hapa mtazamaji anapewa kile ambacho Naivasha imemnyima. Husimama hatua tatu kutoka kwenye gurudumu, hulipi kitu, na ukumbi ni shamba lake mwenyewe. Tungependa ibaki hivyo. Lakini ukaribu huo ndio unaotutia hofu. Tifutifu likishainuka hukaa hewani, na anayevuka barabara akidhani gari lililopita limekwenda na hatari yake, haoni kwamba lingine limo ndani ya wingu lile lile. Watoto hupenda kusimama upande wa nje wa kona, kwa sababu hapo ndipo gari linapoteleza vizuri, na ndipo linapokwenda dereva akishindwa kulizuia.

Hatusemi hayo kwa kutisha watu. Mwaka 1955 huko Le Mans gari moja liliruka na kuingia katika umati, na watazamaji zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mwezi Machi 1986 nchini Ureno, katika mbio za barabara kama zetu, watu walikuwa wamejaa njiani hata magari yakawa yanajipenyeza katikati yao. Gari moja lilipotoka nje ya barabara watazamaji 3 walikufa na wengine wengi wakaumia, na timu za viwanda zikakataa kuendelea siku ile ile. Wale waliosimama pale hawakuwa wajinga. Walifanya vile vile wanavyofanya vijana wetu, na kwa sababu ile ile, kwamba hakuna aliyewapangia mahali pengine pazuri pa kusimama.

Kwa hiyo, tukiulizwa ni mbio zipi zinazomtendea mtazamaji haki, jibu letu ni Naivasha kwa usalama na kwa habari, na ni barabara zetu kwa ukaribu. Hatuoni sababu ya mkazi wa Arumeru kulazimika kuchagua moja. Utepe haugharimu fedha nyingi. Wasimamizi wanaweza kupatikana katika vijiji vyenyewe, vijana wanaojulikana na kusikilizwa, wakafundishwa mapema na kupewa filimbi na fulana za kuwatambulisha. Mahali pa kutazamia pachaguliwe palipoinuka, upande wa ndani wa kona, pawekewe kipaza sauti na mtu mmoja wa kusoma muda wa kila gari kadiri unavyoletwa, ili bibi aliyekuja na kiti chake ajue kwamba lile gari la samawati limeongoza kwa sekunde nne na lile jeupe limevunjika ekseli. Gari la kufungua njia lipite kwa ving'ora, na gari la kufunga njia lipite mwisho, na kila mwanakijiji aelezwe maana ya yote mawili, kwamba baina yao barabara si yake kwa saa hizo.

Tunawaomba viongozi wa mchezo huu, wakishirikiana na Baraza la Michezo la Taifa na polisi wa usalama barabarani, wayafanye hayo kuwa sharti la kupewa kibali, si hisani. Na ratiba ya kufunga barabara ibandikwe katika ofisi ya kila kata inayopitiwa, na kutangazwa makanisani na misikitini, si chini ya siku saba kabla, ili mwenye punda ajue saa ya kwenda kuchota maji, na mwenye ng'ombe ajue kama siku hiyo atawapeleka mtoni alfajiri au atawangoja hadi gari la mwisho lipite.