Sari ya Pamba ya Bengali

Wanawake wa Bara Hindi wana vazi lao la asili liitwalo sari. Sari ni nguo moja ndefu, isiyokatwa wala kushonwa kama kanzu. Urefu wake kwa kawaida ni yadi 6, yaani kama mita 5 na nusu, na upana wake huzidi mita 1 kidogo. Katika Unguja, Mombasa na Dar es Salaam pia huonekana mabibi wa Kihindi walioivaa. Ziko sari za hariri, lakini Bengali, upande wa mashariki, ni nchi ya joto na unyevu mwingi. Kwa hiyo huko hupendwa sana sari ya pamba, iliyo nyepesi na yenye kupitisha upepo. Zilizo mashuhuri hufumwa kwa mkono katika miji ya Shantipur na Phulia, kaskazini ya Kolkata. Wafumi wengi wa Phulia walitoka Tangail, ambayo sasa imo katika Bangladesh. Nchi ilipogawanywa mwaka 1947 walihama, wakaja na ufundi wao.

Kufuma sari si kazi ya mtu mmoja, bali ya nyumba nzima. Kwanza nyuzi huoshwa na kutiwa rangi, kisha hupakwa uji wa mchele ili ziwe ngumu zisikatike. Wanawake na wazee huzikunja katika vijiti kwa gurudumu la mkono. Halafu nyuzi za mtande, nazo ni maelfu, hunyoshwa na kupitishwa mmoja mmoja katika meno ya kitana. Hapo ndipo mfumi huketi kitandani pake. Hukanyaga mbao kwa miguu, na nyuzi za mtande huachana, nusu juu, nusu chini. Hurusha mshindio katikati, kisha huvuta kitana kuukaza. Hufanya hivyo mara elfu nyingi mpaka sari itimie. Sari isiyo na nakshi huweza kwisha kwa siku moja au mbili. Ile yenye maua, ambayo kila ua hutiwa kwa uzi wa peke yake, huenda ikachukua wiki nyingi.

Kazi hii imepata mashindano makali. Katika karne ya 19 nguo za mashine kutoka Uingereza zilijaa katika masoko ya Bara Hindi kwa bei rahisi, hata wafumi wengi wakakosa riziki. Tarehe 7 Agosti 1905 watu wa Kolkata walikutana wakaazimu kuziacha nguo za kigeni na kununua za kwao. Tangu mwaka 2015 tarehe hiyo ni sikukuu ya wafumi wa mkono katika India. Siku hizi mashindano ni ya mashine zilizo India kwenyewe. Ijapokuwa sheria ya mwaka 1985 iliamuru kwamba aina kadha za nguo zifumwe kwa mkono tu, wako wauzaji waitao nguo ya mashine nguo ya mkono. Basi mnunuzi mwerevu huigeuza sari na kuitazama taraza yake, yaani pindo la rangi. Nguo ya mkono mara nyingi huwa na matundu madogo ukingoni, mahali ilipowambwa kwa misumari isijikunje wakati wa kufumwa. Anayedanganywa si mnunuzi peke yake. Mfumi naye hunyimwa ujira wake. Hesabu ya mwaka 2019 na 2020 ilionyesha kwamba zaidi ya watu milioni 3 katika India walikuwa wakiishi kwa kazi hii, na wengi wao ni wanawake.

Jinsi za kuvaa sari ni nyingi. Iliyoenea zaidi ni hii. Mwanamke huvaa kwanza gaguro na blauzi fupi. Huchomeka ncha ya sari kiunoni upande wa kuume, akaizungusha mara moja. Kisha hukunja marinda kama sita mbele na kuyachomeka pamoja, na sehemu iliyobaki huizungusha tena na kuitupa juu ya bega la kushoto ining'inie mgongoni. Lakini mabibi wa Bengali wa zamani hawakukunja marinda mengi. Ncha ya sari waliirudisha chini ya mkono wa kuume, wakaitupa tena begani, na pembeni mwake wakafunga funguo za nyumba. Sari nyeupe yenye taraza nyekundu ni alama ya mke mwenye mume, nayo huvaliwa hasa katika sikukuu ya Durga.

Sari ya pamba hutaka kutunzwa. Mara ya kwanza huoshwa peke yake kwa maji baridi, kwa kuwa rangi huweza kutoka na kuchafua nguo nyingine. Haifai kusuguliwa sana wala kukamuliwa kwa nguvu. Baada ya kuoshwa hutiwa kanji nyepesi ya maji ya mchele, ikaanikwa kivulini, maana jua kali hufifisha rangi. Nayo hupigwa pasi ingali na unyevu kidogo. Lakini sari itakayowekwa muda mrefu haitiwi kanji, kwa sababu wadudu huifuata. Hufungwa katika kitambaa safi cha pamba pamoja na majani makavu ya mwarobaini, na kila baada ya miezi michache hukunjuliwa na kukunjwa upya mahali pengine, ili nyuzi zisikatike penye mikunjo.

Hata ikichakaa haitupwi. Wanawake wa Bengali huzipanga sari kuukuu moja juu ya moja, wakazishona kwa mishono midogo midogo mpaka zikawa blanketi laini liitwalo kantha, na humo mtoto mchanga hufunikwa. Kitunze kidumu.